UCHAMBUZI: Deni ni halali, lakini mwili wa mgonjwa si rehani

Mwishoni mwa mwaka wa 2018, baba mmoja kijana alinaswa na walinzi katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, akiwa amebeba mfuko. Ndani ya mfuko huo mlikuwa na mtoto mchanga, binti yake mwenyewe. Bili ya hospitali ilikuwa imemshinda, na njia pekee aliyoiona ya kumfikisha mwanawe nyumbani ilikuwa kumpitisha langoni kama mtu apitishavyo mboga alizonunua sokoni. Alifikishwa kortini. Kisa kilipoenea nchini na hata ng'ambo, fedha zilipatikana, bili ikalipwa, naye kijana hakupelekwa jela.

Sisi tunaohariri habari kisa hicho hutupa tabu kabla hata hatujafika aya ya pili. Kitenzi kipi kitumike katika kichwa cha habari? Aliiba? Mtu haibi kilicho chake. Alitorosha? Hutoroshwa aliye kifungoni, na mtoto mchanga hana kosa la kufungiwa. Alichukua? Basi ikiwa alimchukua tu mwanawe, kesi ilikuwa ya nini? Katika kazi yetu neno moja laweza kuamua nusu ya hukumu kabla ya hakimu kuketi. Wala si siri kwamba magazeti ya humu nchini, ya Kiswahili na ya Kiingereza, yamezoea kuandika kwamba mgonjwa "ametoroka" hospitalini, kana kwamba wodi ni seli na muuguzi ni askari jela.

Mazoea hayo ya lugha yametokana na mazoea ya kitendo. Kwa miaka mingi humu nchini, mgonjwa aliyepona na kuruhusiwa na daktari kwenda nyumbani amekuwa akijikuta haruhusiwi na karani wa fedha. Hubaki wodini siku kadhaa, wiki, wakati mwingine miezi, na kila usiku anaolala humo huongezwa kwenye deni lile lile linalomzuia kuondoka. Akiwa amefariki, mwili wake hubaki mochari, na huko pia ada ya kila siku huendelea kuhesabiwa. Msomaji wa matangazo ya vifo atakuwa amewahi kuiona sentensi isemayo kwamba tarehe ya mazishi itatangazwa baadaye. Aghalabu wanaosubiriwa ni jamaa walio ng'ambo. Mara nyingine, na familia haitalitaja hilo gazetini, kinachosubiriwa ni fedha za bili.

Jambo hili kwetu huzungumzwa kwa lugha ya huruma: maskini yule mama, jamani tuchange. Huruma ni njema, ila haijibu swali lililopo. Swali ni la haki. Je, anayedai fedha anaweza kuushika mwili wa mtu, uwe hai au umekufa, mpaka alipwe? Hili ni swali la falsafa ya maadili sawa na yale yanayofundishwa katika kumbi za Chuo Kikuu cha Nairobi pale University Way, na huulizwa kilomita chache tu kutoka hapo, katika wodi za Upper Hill, Hurlingham, Parklands na kando ya Ngong Road.

Tuanze na upande wa hospitali, kwa maana ndio upande unaolaumiwa zaidi na kusikilizwa kidogo. Dawa hununuliwa. Oksijeni hununuliwa. Muuguzi anayekesha wodini ana kodi ya nyumba Kangemi au Uthiru, na mwenye nyumba hapokei shukrani za wagonjwa badala ya fedha. Wahenga waliosema kwamba dawa ya deni ni kulipa hawakuwa watu wakatili. Walijua kwamba pale ambapo madeni hayalipwi, hakuna atakayemkopesha mwenzake siku ya shida. Tena wapo wagonjwa wenye uwezo wanaojifanya hawana. Gari liko Kileleshwa, shamba liko Kitengela, lakini mbele ya dirisha la malipo mtu huwa fukara ghafla. Msimamizi wa hospitali atakwambia kwamba akilifungua lango leo, kesho halipwi na yeyote, kesho kutwa hospitali inafungwa, na atakayeumia ni mgonjwa ambaye hata hajaugua bado.

Hoja hiyo ina asili yake katika falsafa. Waingereza Jeremy Bentham na John Stuart Mill walifundisha kwamba tendo lipimwe kwa matokeo yake: likizidisha manufaa kwa walio wengi kuliko madhara, ni jema. Kwa kipimo hicho, mgonjwa mmoja anayezuiliwa wiki mbili ni gharama ndogo ya kuiokoa hospitali inayohudumia maelfu.

Lakini kipimo hicho kikitumiwa kwa uaminifu, kinaigeukia hospitali yenyewe. Mama anayezuiliwa kwa sababu hana kitu hatakipata kitu hicho kwa kuzuiliwa. Akiwa wodini hawezi kwenda kuuza mboga Kawangware wala kufua nguo za watu Lavington. Kitanda anachokilalia angepewa anayekihitaji. Chakula anacholishwa kinagharimu. Deni linakua, na uwezo wa kulilipa unapungua. Hatimaye anayelipa si yeye. Ni ndugu zake, kanisa lake, wanakijiji wenzake na watu aliosoma nao shule ya msingi miaka 30 iliyopita. Maana yake ni kwamba kuzuiliwa huko hakumlengi mdaiwa hata kidogo. Kunawalenga wanaompenda.

Hapo ndipo Mjerumani Immanuel Kant anapoingia. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1785 kuhusu misingi ya maadili, Kant alisisitiza kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine, kwa kuwa vitu vina bei lakini binadamu ana hadhi isiyo na bei. Watu wengi huisoma kauli hiyo kama mahubiri mazuri wakaendelea na shughuli zao. Lakini itazameni wodini. Yule mama hashikiliwi kwa sababu ya jambo alilolifanya au atakalolifanya. Anashikiliwa ili maumivu ya kushikiliwa kwake yawasukume wengine kutoa fedha. Amefanywa kuwa saa ya mkononi iliyowekwa kwa mkopeshaji, au hati ya shamba iliyo kwenye kabati la benki. Kwa neno moja, amewekwa rehani. Na kitu kinachoweza kuwekwa rehani ni kile chenye mwenyewe na chenye bei.

Kwa maiti hali ni wazi zaidi, kwa maana hata kisingizio cha kumtisha mdaiwa hakipo tena. Mahakama Kuu mjini Mombasa ilikutana na suala hili mwaka wa 1998, katika kesi dhidi ya hospitali moja ya kibinafsi iliyokataa kuutoa mwili kabla ya kulipwa. Mahakama ilishikilia kwamba maiti si mali ya mtu, na kwa hivyo haiwezi kuzuiliwa kama dhamana ya deni. Tangu hapo ni zaidi ya robo karne, na bado kuna familia zinazolazimika kukimbilia mahakama za Milimani na kwingineko kuomba amri ya kupewa marehemu wao.

Kuhusu walio hai, sheria nayo haijanyamaza. Mnamo Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kesi ya wanawake wawili waliokuwa wamezuiliwa, kwa nyakati tofauti, katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa ada ya kujifungua. Alisema haki zao zilikiukwa, ukiwemo uhuru wao na heshima yao kama binadamu, akaagiza walipwe fidia. Mwaka wa 2018 Jaji Wilfrida Okwany naye aliamua, katika kesi iliyohusu hospitali ya kibinafsi jijini, kwamba kumzuilia mgonjwa si njia inayokubalika ya kudai deni. Mwenye kudai ana njia za kawaida za kisheria, azitumie. Isitoshe, Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya iliukubali mwaka wa 1972, unakataza katika kifungu cha 11 mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba.

Waingereza wenyewe, ambao sheria zao ndizo tulizorithi, walikuwa na magereza mahsusi ya wadaiwa. Baba yake mwandishi Charles Dickens alifungwa katika gereza la Marshalsea, London, mwaka wa 1824 kwa deni, na mwanawe wa miaka 12 akalazimika kwenda kufanya kazi kiwandani. Sheria ya mwaka wa 1869 ikakomesha kwa sehemu kubwa desturi ya kuwafunga wadaiwa. Wabunge walikuwa wametambua kile ambacho mke wa mfungwa yeyote angewaambia bure: mtu aliyefungwa hafanyi kazi, na asiyefanya kazi halipi.

Kabla ya kuendelea, linafaa kukumbukwa lango jingine, lile la kuingilia. Oktoba 2015, mwanamume aliyegongwa na gari eneo la Kangemi alizungushwa ndani ya ambulansi kwa takriban saa 18, akipelekwa hospitali hii na kurudishwa ile, huku kukitajwa ukosefu wa vitanda na malipo ya kwanza. Alifariki. Kilio kilichofuata kilichangia mjadala uliokuwa ukiendelea, na Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 ikaweka faini isiyozidi Sh3 milioni kwa hospitali yenye uwezo itakayokosa kumpa mtu matibabu ya dharura. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikuwa imekwisha kusema katika kifungu cha 43 kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Msomaji anaweza kuona mantiki inayoyaunganisha malango mawili. Hospitali inayoogopa kumzuilia mgonjwa wakati wa kutoka itajilinda kwa kumzuia wakati wa kuingia. Anayetetea kufunguliwa kwa lango la kutokea bila kusema fedha zitatoka wapi anaweza, bila kukusudia, kulifunga lile la kuingilia.

Ndiyo maana hoja ya kwamba tendo hili ni baya, ingawa ni ya kweli, haitoshi. Inahitajika nadharia inayosema nani ana wajibu. Na hapa hatuna haja ya kwenda mbali, maana aliyeishughulikia kwa undani alikuwa mwalimu wetu wa hapa hapa jijini.

Profesa Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya, alisoma Uppsala nchini Uswidi na Detroit nchini Marekani kabla ya kuanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1970. Wengi humjua kwa utafiti wake wa hekima ya wazee, alipozunguka vijijini akiwahoji watu ambao hawakuwa na shahada yoyote ila walikuwa wamefikiri kwa kina kuhusu maisha. Wenye umri wangu watamkumbuka pia kwa jambo jingine. Mwaka wa 1987, katika kesi maarufu ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, alipanda kizimbani kama shahidi wa upande wa ukoo wa Umira Kager, na Wakenya wakamwona mwanafalsafa akihojiwa na mawakili kuhusu mila na mauti. Mwili wa Otieno, aliyefariki Desemba 20, 1986, ulikaa zaidi ya miezi mitano ndipo ukazikwa Nyalgunga, Mei 23, 1987. Kesi ile haikuhusu bili. Lakini ilitufundisha, kwa wale waliotaka kufundishika, kwamba Mkenya anaweza kushindana hadi Mahakama ya Rufaa kuhusu mahali pa kumlaza marehemu, kwa kuwa anaamini maiti inadai kitu kutoka kwa walio hai.

Odera Oruka aliandika, katika miaka ya 1980, kuhusu kile tunachoweza kukiita haki ya kima cha chini cha ubinadamu. Alikuwa akijadili misaada ya nchi tajiri kwa nchi maskini, naye alikataa kuiita sadaka. Hoja yake, kwa ufupi, ni hii: ili mtu aweze kuwa mtu kamili mwenye kufikiri, kuamua na kuwajibika, anahitaji kiasi fulani cha usalama wa mwili, cha chakula na cha afya. Akishushwa chini ya kiasi hicho bado anapumua, lakini hatuwezi kumdai wajibu wa maadili kama tunavyomdai aliyeshiba na aliye mzima. Kwa hivyo haki ya kupata kima hicho hutangulia haki nyingine, zikiwemo haki za wenye mali juu ya ziada yao. Gari lilimgonga akafariki jijini Nairobi mnamo Desemba 1995, na baadhi ya maandishi yake kuhusu maadili yalikusanywa katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1997.

Tukiirudisha hoja hiyo wodini, mambo mawili yanajitokeza. La kwanza linamhusu yule baba mwenye mfuko. Kwa mujibu wa Odera Oruka hatuwezi kusema kwamba alikuwa mwizi, wala hatuwezi kumsifu kama shujaa. Alikuwa mtu aliyeshushwa chini ya kima, na aliye chini ya kima hutenda kwa kubanwa. Hata ile karatasi ambayo mgonjwa hutia sahihi usiku kwenye chumba cha dharura, akiahidi kulipa kiasi asichokijua, ina kasoro hiyo hiyo. Ahadi ni kitu kikubwa katika maadili, lakini ahadi inayotolewa na mtu anayevuja damu si sawa na ile ya mtu anayenunua kiti cha sebuleni.

Jambo la pili ndilo zito zaidi. Ikiwa afya ni haki inayotangulia, basi lazima awepo anayedaiwa haki hiyo. Hospitali ya kibinafsi ya Parklands haiwezi kuwa mdaiwa wa kwanza. Haikuahidi taifa lolote kitu. Aliyeahidi ni dola. Katiba inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kifungu cha 20 kinaongeza kwamba serikali ikidai haina fedha za kutimiza haki za aina hiyo, ni juu yake kuthibitisha. Kwa hivyo bili ya mama wa Kawangware ambaye hana namna ni deni lenye wadaiwa wawili, na mmoja wao ana ofisi kubwa katikati ya jiji.

Sasa tuone jinsi mdaiwa huyo wa pili anavyotendewa. Bima ya NHIF ilipofunga shughuli zake na nafasi yake kuchukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) mnamo Oktoba 1, 2024, iliacha nyuma madeni ambayo hospitali zilisema yanazidi Sh30 bilioni. Hayo ni matibabu yaliyokwisha kutolewa kwa watu waliokuwa wamekatwa mishahara yao kila mwezi. Februari 2025, muungano wa hospitali za kibinafsi za mijini na mashambani ulichoka kungoja, na baadhi ya wanachama wake wakaanza kuwatoza wagonjwa wa bima fedha taslimu. Mwezi uliofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hospitali zinazodai Sh10 milioni au chini zitalipwa zote, na madai makubwa zaidi yahakikiwe kwanza. Kamati ya uhakiki ikaundwa.

Basi, serikali inapodaiwa mabilioni huandikiwa barua, huombwa mkutano, huundiwa kamati. Hakuna waziri aliyewahi kulazwa Hurlingham usiku mmoja zaidi kwa sababu wizara yake haijalipa, wala simtakii. Lakini mchuuzi anayedaiwa Sh60,000 hufungiwa. Wadaiwa wawili wa hospitali ile ile: mkubwa anafuatwa kwa kalamu, mdogo anafuatwa kwa mlinzi. Mtu akiniuliza ni wapi hasa dhuluma ilipo katika suala hili lote, nitamwonyesha hapo. Deni la mgonjwa fukara linatozwa mwili kwa sababu mwili ndicho kitu pekee alicho nacho kinachoweza kushikwa, na yule mwenye vingi vya kushikwa haguswi. Mlinzi wa lango mwenyewe huenda anakaa mtaa mmoja na anayemzuia.

Wala si kweli kwamba jambo hili haliwezi kubadilishwa katika nchi maskini. Burundi, iliyo maskini kutushinda, ilikuwa na tatizo hili kiasi kwamba shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima mwaka wa 2006 kuhusu wagonjwa waliozuiliwa hospitalini humo. Mei mwaka huo huo, serikali ilikuwa imetangaza matibabu bila malipo kwa akina mama wanaojifungua na watoto walio chini ya miaka mitano, na ingawa hospitali zilifurika na matatizo mengine yakazuka, kundi kubwa la waliokuwa wakizuiliwa liliondolewa kwenye hatari hiyo. Kenya nayo ilifuta ada za kujifungua katika hospitali za umma mnamo Juni 2013. Kisa cha mfuko kilitokea miaka mitano baadaye, na hilo latosha kuonyesha kwamba ada moja yaweza kufutwa na bili ikabaki. Kufuta ada kwa tangazo ni rahisi. Kuilipa hospitali kila mwezi badala ya ada hiyo ndiyo kazi.

Limebaki swali ambalo wengi wetu hatupendi kuulizwa, kwa kuwa linatuhusu sisi wenyewe. Ni la michango.

Ijumaa jioni, basi likiwa limekwama kwenye mzunguko wa Westlands, simu inalia: umeongezwa kwenye kundi jipya la WhatsApp. Picha ya mgonjwa, kiasi kinachodaiwa, nambari ya M-Pesa, jina la mweka hazina. Mwaka wa 1972 mwanafalsafa Peter Singer wa Australia aliuliza: ukipita kando ya kidimbwi ukamwona mtoto anazama, je, utaacha kumwokoa eti nguo zako zitachafuka kwa tope? Na ikiwa hutaacha, umbali unabadilisha nini? Wakenya hawakumngoja Singer. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007 umbali umefutika kabisa. Sidhani kuna mji wenye watu wanaookoana vidimbwini kama huu.

Hata hivyo, mfano wa kidimbwi una upungufu. Kidimbwi hakina akili. Hakijui kwamba utakuja, wala hakimshiki mtoto mpaka umlipe. Hospitali inayozuilia mgonjwa inajua. Inajua kwamba nyuma ya kila asiye na kitu wapo watu 200 wenye simu, na ndiyo sababu kuzuilia kunalipa. Mfano ulio karibu zaidi, japo unaudhi, ni wa kikombozi: fedha zinazotolewa ili mateka aachiliwe. Pwani ya Afrika Mashariki ilijifunza miaka ile ya maharamia wa Kisomali kwamba kila meli iliyokombolewa ilimwokoa nahodha mmoja na kumweka mwingine hatarini. Mchango wangu wa Sh500 unamtoa mama huyu leo. Pia unamthibitishia karani kwamba njia hii inafanya kazi, naye atamzuia mwingine wiki ijayo.

Wapo wanaohitimisha kwamba basi tusitoe. Siwezi kukubaliana nao. Mama aliye kitandani hakuziandika kanuni za mchezo, na kumwacha humo ili hospitali ipate funzo ni kumfanya yeye chombo cha somo letu. Kant angetukemea sisi kama alivyomkemea karani. Lakini hoja ya kikombozi ina uzito, na jibu lake, nionavyo, liko katika namna ya kutoa. Kuna tofauti kati ya kulipa deni na kununua mwili. Anayelipa deni anataka kwanza hesabu: bili iliyochanganuliwa, siku za matibabu zikitenganishwa na siku za kuzuiliwa, kwa maana za pili hazina msingi. Anataka mgonjwa aruhusiwe siku anayoruhusiwa na daktari. Kisha analipa, pole pole ikibidi. Anayenunua mwili hukimbilia dirishani na fedha zote, hupokea risiti na mtu, na haulizi swali.

Mwaka juzi nilikuwa katika kamati ya aina hiyo, kwa ajili ya jirani aliyekuwa amelazwa katika hospitali moja ya mitaa ya magharibi ya jiji. Zilikuwa zimekusanywa fedha za kutosha kulipa chini ya nusu. Wengi wetu tulitaka tuendelee kuchangisha wiki mbili nyingine. Mama mmoja wa kanisa lao, mwalimu mstaafu, alikataa. Alisema wiki mbili ni siku 14 za kitanda, na akatutuma kwa wakili kijana anayekaa mtaani humo, aliyetuandikia barua ya kurasa mbili bila malipo: hukumu za mahakama zikatajwa, malipo ya kwanza yakaambatishwa, na chini kukawa na ahadi ya kulipa Sh8,000 kila mwezi, iliyotiwa sahihi na watu wanne wenye vitambulisho na anwani. Msimamizi aliisoma, akainuka, akaenda kuzungumza na mtu ofisi ya ndani. Alirudi baada ya dakika 40 na kusema siku tisa zitaondolewa kwenye bili.

Jirani alitoka Alhamisi. Deni bado halijaisha. Kila tarehe tano mwalimu yule hutuma picha ya risiti kwenye kundi, na chini yake huandika kiasi kilichobaki.